Lala penye utulivu, tembelea penye jina: siku nane za Pwani kutoka Nairobi

Mtu wa Nairobi akipata likizo ya siku nane na kuulizwa anakwenda wapi Pwani, mara nyingi hutaja orodha: Mombasa, Diani, Watamu, Malindi, na tukipata nafasi, Lamu. Kwenye ramani orodha hiyo haionekani ndefu. Barabarani ni vitanda vitano, mabegi kufungwa na kufunguliwa mara tano, na saa chungu nzima za kungoja matatu ijae stejini. Anarudi stesheni ya Syokimau amechoka kuliko alivyoondoka.

Mpango huu umesimama juu ya jambo moja: lala mji mtulivu, nenda penye jina asubuhi na mapema, kisha rudi ulikolala. Ngome ya Fort Jesus kule Mombasa na magofu ya Gede karibu na Watamu hayakupata sifa bure. Ila utamu wake uko kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla mabasi ya wanafunzi hayajawasili. Kulala mlangoni pake hakuongezi utamu huo. Kinachoongezeka ni bei ya chumba.

Hesabu vitanda kabla ya kuhesabu vivutio

Nyumba nyingi za wageni zinakutaka utoke chumbani saa 4 asubuhi, na unakokwenda hawakupi chumba hadi saa 8 mchana. Hapo katikati una saa nne za kutembea na begi kwenye joto, na bado hujahesabu safari yenyewe. Kwa hiyo kila unapohama kitanda, kata nusu siku. Vitanda vitano ni kuhama mara nne, yaani siku mbili kamili za likizo zimeliwa na mabegi.

Kwa siku nane na usiku saba, weka vitanda viwili: usiku wa kwanza na wa pili Mombasa, na tano zilizobaki Kilifi. Kilifi si mji wa kimya kabisa, ni makao makuu ya kaunti na una soko lake na kelele zake. Lakini uko kilomita 60 hivi kaskazini mwa Mombasa, na kama kilomita 60 nyingine kabla ya Malindi. Kwa maneno mengine, uko katikati ya kila kitu. Magari ya Mombasa na Malindi yanapita hapo kutwa. Ukikaa Kilifi, Gede na Watamu ni kwenda asubuhi na kurudi alasiri, bila begi.

Kisha oanisha. Kila penye jina upatafutie mji mdogo unaoendeleza kisa chake, si mji mdogo wowote tu. Fort Jesus ioanishe na Takaungu, kwa sababu Wamazrui waliotawala Mombasa walipoangushwa na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, baadhi yao walihamia huko. Gede ioanishe na Mnarani, magofu ya zama zinazokaribiana nayo, juu ya mwamba wa Kilifi. Watamu ioanishe na Mida, hori la mikoko (mkono wa bahari ulioingia bara) lililo nyuma yake. Ukifika kwenye kijiji na tayari unajua kinahusiana vipi na ngome uliyoiona juzi, hutauliza "sasa hapa kuna nini cha kuona?"

Tarehe: angalia mwezi wa angani

Hapa ndipo watu wa bara tunapokosea zaidi. Tunachagua tarehe kwa kuangalia ofisi na shule, tunasahau kwamba bahari nayo ina ratiba yake. Mtu anafika Watamu saa 5 asubuhi, anakuta maji yamekwenda zake hadi kwenye miamba na ufuo umebaki mchanga na nyasi za bahari. Anasema Watamu imezidishiwa sifa. Kumbe amefika wakati maji yamekupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kwenye pwani ya Kenya bamvua ina saa zake zinazojulikana: maji hujaa mnamo saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa 4 hadi 5, asubuhi na usiku. Juma moja baadaye mambo yamegeuka, na asubuhi ya saa 4 ndipo yanapojaa.

Chukua kalenda yenye miezi ya Kiislamu, au programu yoyote ya simu inayoonyesha mwezi, utafute mwezi mwandamo, kisha upange siku hizo zikukute katikati ya kukaa kwako Kilifi. Utapata mambo matatu kwa tarehe moja. Asubuhi maji yamekupwa, kwa hiyo mashua ya Watamu inakufikisha juu ya matumbawe yakiwa karibu na uso wa maji. Jioni hori la Kilifi na la Takaungu limejaa pomoni, wakati jua limepoa na kuogelea ni raha. Na usiku ni giza totoro, jambo unalolihitaji ili uone maji ya hori la Kilifi yakimetameta unapoyakoroga kwa mkono. Mwezi ukiwa mpevu hutaona mmeto huo, hata nahodha akuapie.

Bamvua ina hatari yake. Maji mengi yanayotoka horini yanapita mlango mwembamba, na mkondo wake unamshinda muogeleaji hodari. Ogelea ndani ya hori, mbali na mlango wa bahari, na wakati maji yanajaa au yametulia. Yakianza kutoka, nawe toka.

Kuhusu majira: kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Septemba, bahari huchafuka na siku nyingine mashua haziendi kwenye matumbawe. Mvua za masika hushika Aprili na Mei. Oktoba hadi Machi bahari huwa rafiki zaidi, ingawa Februari na Machi joto ni la kukausha koo. Epuka wiki ya Pasaka, likizo ya shule ya Agosti, na kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zifunguliwe Januari. Angalia pia Ramadhani, ambayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Si lazima uiepuke. Usiku wa Mji wa Kale wa Mombasa wakati huo ni mtamu sana, na vibanda vya futari vimejaa kaimati na viazi karai. Ila jua kwamba mchana mikahawa mingi ya mitaa hiyo imefungwa, na kula au kuvuta sigara barabarani ni utovu wa adabu.

Treni, na kiti gani ukae

Ondoka Jumanne au Jumatano. Treni ya Ijumaa jioni na ya Jumapili jioni ndizo hujaa kwanza, na wanaokwenda na kurudi wikendi ndio haohao wanaopandisha bei za vyumba.

Treni ya asubuhi hutoka Syokimau saa 2 na husimama vituo vya njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vinginevyo, ikafika Miritini, stesheni ya Mombasa, alasiri mapema. Ya saa 9 alasiri huenda moja kwa moja na kufika usiku. Kwa safari hii panda ya asubuhi. Utaona Tsavo mchana, na utaingia Mombasa kukiwa bado kweupe. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500.

Nunua tiketi kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, ulipe kwa M-Pesa. Anza na tiketi ya kurudi ndipo ununue ya kwenda. Kwenda unaweza kubadilisha siku ukiwa nyumbani, lakini kurudi ukikosa kiti unajikuta unatafuta basi la usiku huku ofisi inakungoja. Jina kwenye tiketi liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho, na wote mnaosafiri muwe na vitambulisho vyenu mfukoni, si ndani ya begi kubwa.

Fika stesheni saa moja kamili kabla ya treni, si nusu saa. Mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, kisha tiketi hukaguliwa. Foleni ni zaidi ya moja. Kisu, hata cha kumenyea maembe, hakipiti, na pombe pia. Ukikaa mjini, treni ya abiria inayotoka stesheni kuu ya Nairobi na kuunganisha na SGR, yaani reli hii mpya, ni nafuu, na haijui jam ya Mombasa Road. Ukienda kwa gari asubuhi ya siku ya kazi, tumia Expressway utoke mlango wa SGR.

Daraja la kawaida viti vinatazamana, watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, na magoti yanagusana. Mkiwa wawili, ombeni upande wa viti viwili. Ukielekea Mombasa, Tsavo Mashariki iko kushoto kwako. Kati ya Mtito Andei na Voi ndipo ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu huonekana. Kilimanjaro, siku ambayo mawingu yamekubali, iko kulia, sehemu za Emali na Kibwezi. Siku hizo si nyingi, kwa hiyo kaa kushoto.

Mombasa, siku mbili bila pupa

Chumba kiwe ndani ya Mji wa Kale au karibu nao, ili ngome uifikie kwa miguu. Kutoka Miritini panda matatu zinazongoja abiria wa treni, au teksi ya programu ya simu. Siku ya kufika usipange chochote ila kuoga, kulala kidogo, na jioni kwenda Mama Ngina, kando ya bahari, ukapunge upepo. Hapo muhogo wa kukaanga unapasuliwa, unatiwa pilipili ya unga na ndimu. Dafu usiseme "nipe moja" tu. Sema unataka lenye nyama laini, na ukimaliza maji umrudishie muuzaji alipasue, akuchongee kijiko kutoka kwenye ganda lake.

Asubuhi ya pili uwe mlangoni pa Fort Jesus saa 2, inapofunguliwa. Lipa kiingilio kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Fungua akaunti ukiwa Nairobi, kwa maana kujisajili pale langoni huku mtandao unasuasua kunaweza kukumalizia ule ubaridi wa asubuhi ulioamkia. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anza na kuta za upande wa bahari kabla hazijapata moto, jumba la makumbusho liwe la mwisho kwa sababu lina kivuli. Saa mbili zinatosha. Tafuta habari za miaka ya 1696 hadi 1698, Waomani walipoizingira ngome hadi ikaanguka, na uyatie akilini majina ya Wamazrui. Utakutana nao tena Takaungu.

Ukitoka, usimchukue mwongozaji wa kwanza aliyekurukia langoni. Ukimtaka mwongozaji, patana bei na muda kabla ya hatua ya kwanza: saa moja na nusu, mitaa gani, shilingi ngapi kwa kundi zima, si kwa kila mtu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Usimpige mtu picha bila kumwomba.

Kabla ya adhuhuri pitia soko la Marikiti kwa viungo, kisha Biashara Street kwa leso. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na duka lenyewe hukukatia na kukupindia. Ikunjue yote kabla ya kulipa. Tazama pindo kama rangi haikumwagikia kwenye mji, yaani ile sehemu ya kati, na usome jina, yale maneno ya chini. Watu wa bara huchagua rangi wakasahau kusoma, wakaja kumzawadia mama mkwe leso yenye kijembe. Ukiwa na shaka, mwulize muuzaji maneno haya humpa nani.

Kuanzia saa 6 hadi saa 10 usiwe juani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwili wako haujazoea unyevu wa Mombasa. Wanaougua kichwa siku ya pili kwa kawaida hawajala kitu kibaya. Hawakunywa maji ya kutosha, basi.

Kilifi: siku tano, vivutio viwili na nusu

Siku ya tatu, baada ya mahamri na mbaazi za nazi (ziwahi, vibanda vizuri humaliza mbaazi mapema), panda gari la Malindi au Kilifi. Msongamano wa Mtwapa hula muda, kwa hiyo ondoka kabla ya saa 4 au usubiri hadi baada ya mchana. Weka begi lako mapajani au ulipie kiti. Begi lililofungwa juu ya gari ni la kuombewa dua.

Siku hiyo hiyo jioni nenda Mnarani, upande wa kusini wa daraja. Kuna msikiti uliobomoka, makaburi na kaburi la mnara, na chini yake hori lote limekunjuka. Watu ni wachache. Unaweza kukaa saa nzima na kumwona mlinzi tu.

Siku ya nne, usifanye kitu. Iandike kwenye mpango kama unavyoandika Gede: "Ijumaa au Jumamosi: hakuna." Isipoandikwa itajazwa, kwa sababu mtu mmoja katika kundi daima ana rafiki aliyemwambia kuna mahali.

Siku ya tano ni ya Gede na Watamu, na ndiyo siku nzito kuliko zote. Ondoka Kilifi saa 12 na nusu asubuhi, shuka njia panda ya Gede, chukua tuktuk hadi magofuni. Barabara inapita kando ya Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Gede ulikuwa mji wa Waswahili ulioanza mnamo karne ya 12 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 2024 nao uliingia katika orodha ya UNESCO. Cha ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi tu, na maandishi yao hayautaji.

Ukiingia, tafuta kwanza kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Ndilo linalokupa kipimo cha kila kitu kingine unachokiona pale. Kutoka hapo nenda msikiti mkuu, kisha jumba la mtawala, na njiani chungulia visima. Utaona jinsi vilivyochimbwa kirefu ndani ya jiwe la matumbawe, na hewa inayopanda kutoka chini ni baridi. Tembea polepole bila kuzungumza na utazame majani makavu. Sange mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo wa pua ndefu anayepatikana sana katika msitu huu na pembezoni mwake, huonekana asubuhi akichakura. Kima nao wapo, na wanajua zipu. Ndizi usiingie nazo.

Mnamo saa 3 na nusu panda tuktuk hadi Watamu, kilomita chache tu, ili saa 4 uwe ufuoni. Ikiwa umepanga tarehe kwa bamvua, mashua ya chini ya kioo itakuwa inaondoka wakati huo. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa 1968 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa hiyo uliza swali moja kabla ya kukubali bei: "Hiyo ina kiingilio cha hifadhi ndani yake?" Mara nyingi haina. Vaa jaketi la kuokolea kabla mashua haijaondoka, na jaribu miwani ya maji ufuoni kwa kuibana usoni na kuvuta pumzi puani bila kufunga mkanda. Ikidondoka, inavuja. Usisimame juu ya matumbawe. Yanakufa, na yanachana mguu vibaya.

Alasiri, ukirudi kutoka Watamu, pitia Mida kama miguu bado inataka. Wakati maji yanaanza kurudi ndege huja karibu na njia ya mbao iliyopitishwa juu ya mikoko. Mtumbwi lakini hautapita hadi maji yapande, na siku za bamvua hiyo ni jioni. Kama umechoka, acha Mida. Uwe stejini Gede kabla ya saa 11 jioni, kwa kuwa magari ya kurudi hupungua na kondakta naye hujua kwamba huna njia nyingine.

Siku ya sita ni ya Takaungu. Panda gari la Mombasa, shuka njia panda ya Takaungu, na boda ikupeleke chini hadi mjini. Nenda mnamo saa 8 mchana, maji yanapanda. Takaungu hapana lango wala tiketi. Kuna vichochoro, misikiti, wazee barazani na hori la maji ya kijani. Ni mji wa watu wanaoishi, kwa hiyo ingia kwa salamu. Mpe mzee "shikamoo" au "asalaam aleikum" na usimame ujibiwe, ndipo uulize njia ya horini. "Niaje" iache Nairobi. Usitegemee kupata mashine ya benki au hoteli kubwa. Ukitaka chakula, uliza mapema nani anapika, akuwekee samaki wa kupaka, na umlipe nusu kabla. Ukienda ghafla saa 7 ukiwa na njaa, utarudi nayo.

Siku ya saba ni ya akiba. Kama siku ya Watamu mvua ilinyesha, irudie. Kama mambo yote yalikwenda sawa na bado mna hamu, Malindi inatosha nusu siku: nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498, kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, na makaburi ya mnara. Wengi hawahitaji.

Na Lamu?

Lamu usiichomeke mwishoni. Kwa barabara kutoka Malindi ni safari ndefu hadi Mokowe, kisha mashua, na ukaguzi wa usalama njiani hauna saa. Ukiitaka Lamu, iwe ndiyo safari nzima: ndege kutoka Wilson hadi Manda, mashua hadi mjini, usiku usiopungua minne. Kanuni ni ileile. Mji wa Lamu, ulio katika orodha ya UNESCO tangu 2001, utembelee asubuhi. Lala Shela, kijiji jirani, na siku moja nenda Matondoni wanakounda majahazi. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yaendee maji yakijaa tu. Yakipwa, chombo hukwama kwenye mikoko mkakaa hapo hadi bahari ikumbuke kurudi.

Pesa, dawa, na makosa ya kawaida

Lipia chumba usiku wa kwanza tu mpaka ukione. Ukiingia, fungua bomba, tazama chandarua kama kina tundu, na uulize umeme ukipotea kuna nini. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, lakini beba noti ndogo za 50 na 100 za tuktuk na boda. Bei ya tuktuk patana kabla ya kupanda, na useme ni ya gari zima. Tuktuk hubeba watu watatu, na mkiwa wanne mtahitaji mbili.

Malaria: wengi waliokulia Nairobi hawana kinga. Ongea na daktari au mfamasia kuhusu dawa za kuzuia kabla ya safari, kwa sababu nyingine huanza siku kadhaa kabla. Lala ndani ya chandarua hata kama kuna feni. Ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, sema ulikuwa Pwani na upimwe siku hiyohiyo, usijitibu mafua.

Ugomvi mwingi wa kundi hutokana na asubuhi. Amueni kabla ya kuondoka ni asubuhi ngapi za kuamka mapema. Mpango huu una mbili tu, ya Fort Jesus na ya Gede. Asiyetaka hata hizo, alale.

Siku ya kurudi, kwa treni ya saa 9 alasiri, toka Kilifi saa 4 asubuhi. Mkiwa na gari la kukodi, njia ya Mavueni na Kaloleni hadi Mazeras inawaepusha na Mtwapa na daraja la Nyali, na inawatoa karibu na Miritini. Kwa matatu, hesabu saa tatu nzima pamoja na kuunganisha mjini. Mabuyu na achari vifungeni ndani ya mifuko miwili, achari ikivuja kwenye begi harufu haitoki kwa kufua mara moja. Safari hii Tsavo Mashariki iko kulia, na jua la jioni liko kushoto. Kaa kulia.